Programu huria: Wingi wa watumiaji si afya

Mfanyabiashara anayelipia mzigo Namanga kwa simu ya Android anategemea programu huria bila kujua, kwani kiini cha Android ni Linux. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia. Nyuma yake kuna jumuiya ya mafundi, wengi wakijitolea.

Utajuaje kama jumuiya hiyo ni nzima? Wengi huhesabu watumiaji, na hesabu hiyo hudanganya.

Mfano ni xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, bila malipo. Mwaka 2022, akiwa amelemewa, alishinikizwa akubali msaidizi. Aliyejiita Jia Tan alikuwa tayari akichangia kazi. Taratibu akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mapema 2024 matoleo mawili yalitoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua Machi mwaka huo baada ya kuona kompyuta yake ikichelewa kwa takriban nusu sekunde. Mlango huo ulizibwa kabla haujasambaa sana.

Mradi wa CHAOSS, ulioanzishwa 2017 chini ya Linux Foundation, hutayarisha vipimo vya afya ya jumuiya kama hizi. Kimoja huuliza: ni watu wangapi wanaobeba nusu ya kazi yote? Jibu likiwa mmoja, hatari ipo. Kingine hupima muda anaosubiri mtu aliyeripoti kasoro hadi ajibiwe. Kingine hutazama kama wageni wanaingia na kubaki.

Maswali haya si mageni kwa mfanyabiashara. Kabla ya kuweka fedha kwenye kikundi cha akiba, huulizi idadi ya wanachama tu. Unauliza daftari liko kwa nani, na akiugua nani atalishika.

Basi fundi akikuletea programu ya kutunza hesabu za duka na kukuambia ni huria, usiishie kufurahia kwamba ni ya bure. Muulize inatunzwa na wangapi, na mara ya mwisho ilirekebishwa lini.