Visima vipimwe kabla makaa ya mawe hayajachimbwa

MKAZI wa Mshangano, mjini Songea, anayeyaona malori ya makaa ya mawe yakikatiza mkoani Ruvuma, kwa kawaida hulalamikia vumbi na uharibifu wa barabara. Ni nadra kuyafikiria maji yaliyojificha ndani ya miamba ambamo makaa hayo hutolewa.

Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011 na kampuni ya Tancoal, iliyoundwa kwa ubia na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Mgodi huo ni wa wazi, na maji ya eneo lake huteremkia Mto Ruhuhu hadi Ziwa Nyasa, hivyo mwenye kisima Mshangano hana sababu ya kuuhofia. Lakini makaa yapo pia Muhukuru, upande wa Songea vijijini. Tena tabaka la makaa likizama sana, mchimbaji hulazimika kuingia ardhini, kama ilivyofanyika Kiwira, kusini-magharibi mwa nchi, ambako mgodi wa chini ya ardhi uliojengwa kwa msaada wa China ulifunguliwa mwaka 1988.

Mgodi wa namna hiyo huathiri maji kwa njia mbili. Kwanza, handaki likishuka chini ya usawa wa maji, maji ya miamba inayolizunguka hutiririkia humo, na pampu zisipofanya kazi usiku na mchana, hufurika. Kadiri maji yanavyovutwa, ndivyo usawa wake unavyoshuka, na kisima cha jirani chaweza kukauka hata kama mvua imenyesha vizuri.

Njia ya pili ni ya kikemia. Makaa mengi yana chembe za pairaiti, madini ya chuma na salfa. Zikifunikwa na maji hutulia. Hewa na unyevu vikizifikia, huzaa tindikali ya salfa, ambayo huyeyusha chuma, manganizi na aluminiamu. Hatari kubwa, kinyume cha wengi wanavyodhani, huja baada ya mgodi kufungwa. Pampu huzimwa, maji hupanda taratibu yakiosha tindikali iliyojikusanya, na miaka kadhaa baadaye hububujika bondeni yakiwa na rangi ya kutu.

Afrika Kusini imeyaonja hayo. Huko eMalahleni, kiwanda cha kusafisha maji ya migodi ya makaa hadi yafae kunywewa kilianza kazi mwaka 2007. Katika mji wa Carolina, mwaka 2012, maji yenye tindikali yaliingia kwenye bwawa la mji baada ya mvua kubwa, na wakazi wakakaa miezi kadhaa bila maji salama ya bomba.

Kinga yake si ngumu, ila inahitaji subira. Visima vyembamba vya uangalizi huchimbwa pande zote mbili za mgodi, kule maji yatokako na kule yaendako, kwa vina tofauti. Kina cha maji hupimwa kila mara, na sampuli huchunguzwa kwa kipimo cha pH, chumvi, salfeti na chuma. Salfeti ikianza kupanda ilhali pH ingali karibu na 7, mtaalamu makini hushtuka, kwa kuwa chokaa iliyomo mwambani huweza kuificha tindikali kwa muda.

Lakini vipimo hivyo lazima vianze kabla ya uchimbaji. Mkoani Ruvuma maji ya visima hupanda wakati wa mvua na kushuka hadi mwishoni mwa kiangazi, hivyo mwaka mmoja mzima wa kupima ndiyo angalau. Bila takwimu hizo, mwanakijiji ambaye kisima chake kimekauka ataambiwa ni kiangazi tu, naye hatakuwa na la kujibu. Visima vya vijiji navyo viingizwe kwenye orodha, si vya kampuni peke yake. Akina mama wanaoteka ndio wanaojua ni mwezi gani ndoo hugusa tope.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi. Ile ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka vibali vya kutumia maji na kumwaga majitaka, chini ya bodi za mabonde. Ngaka imo katika Bonde la Ziwa Nyasa. Muhukuru imo katika Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Mkoa ni mmoja, bodi ni mbili, na mwananchi anayetaka kuona vipimo vya kisima chake hana budi kujua kwanza maji yake huelekea mto upi.