Benson Masya: Mkimbiaji wa Kitui na Ubingwa wa Kwanza wa Nusu Marathoni

Waandishi wa riadha ya Kenya aghalabu huelekeza macho Bonde la Ufa, kana kwamba Ukambani ni makao ya wachongaji vinyago na wacheza ngoma tu. Benson Masya, aliyezaliwa Kitui mnamo Mei 1970, anatosha kuitilia shaka kasumba hiyo. Kitui na Makueni ni nchi kame. Mji wa Kitui uko kwenye kimo cha mita 1,100 na ushei, ilhali Eldoret imepita mita 2,000. Dai kwamba hewa nyepesi ya nyanda za juu ndiyo imzaayo mkimbiaji lina ukweli, ila si ukweli wote.

Isitoshe, Masya hakuanzia katika mbio. Alikuwa bondia wa uzani wa bantamu, na bondia hukimbia alfajiri ili ajenge pumzi na kudhibiti uzito wake. Kwake, mazoezi hayo yaligeuka kuwa kazi yenyewe.

Mnamo Septemba 1992, mwaka ambao Makueni ilimegwa kutoka Machakos ikawa wilaya, ubingwa wa dunia wa nusu marathoni uliandaliwa kwa mara ya kwanza, mjini Newcastle, Uingereza. Masya alishinda kwa saa 1 na sekunde 24. Boay Akonay wa Tanzania alikuwa wa tatu, na Kenya ikatwaa pia ubingwa wa timu.

Jina la mbio hizi, kwa hakika, linapotosha. Neno ‘nusu’ hudokeza jambo lisilokamilika, lakini kilomita 21 na mita 97.5 zinamtaka mtu akimbie kwa kasi inayokaribia ile ya kilomita 10, na aishikilie kwa muda wa saa nzima. Hapo ndipo Masya alipokuwa stadi. Mbio za Great North Run, zitokazo Newcastle hadi South Shields, alizishinda mara 4: 1991, 1992, 1994 na 1996. Mwaka 1994 alitumia saa 1 na sekunde 2, rekodi ya mbio hizo wakati huo. Sekunde 3 tu zilimzuia kumaliza chini ya saa moja. Marathoni ya Honolulu aliishinda mara 3.

Masya alifariki Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 33. Miaka minane baadaye, Patrick Makau wa Machakos aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin.