Simba Mwenye Mlango na Simba Asiye na Mlango

Ukitoka Mikumi kwenda Morogoro, barabara kuu hukatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, na siku ya bahati unamwona simba ukiwa dirishani mwa basi. Simba wa mbao wa vibanda vya vinyago wana shabaha moja: kufanana na huyo wa nyikani. Wengi wanafanana naye sana. Basi.

Japani hakuna simba wa porini, lakini kwenye viingilio vya mahekalu ya Kishinto huketi jozi ya simba wa mawe. Huitwa komainu, yaani mbwa wa Korea, kwa kuwa umbo lao lilipitia China na Korea. Waliowachonga walimjua simba kwa kusikia tu, wakamtia manyoya ya mapindo na uso wa nusu mbwa. Mmoja ameachama, mwenzake amefumba kinywa: ni kama wanatamka sauti ya kwanza na ya mwisho ya alfabeti. Kazi yao ni kufukuza pepo wabaya. Kwa Inari, mungu wa mpunga, mlinzi ni mbweha, na mara nyingine ameuma ufunguo wa ghala. Mkulima wa Kilosa anayelinda ghala lake hahitaji mkalimani hapo.

Kwetu, sanamu iliyo karibu zaidi nao ni shetani wa Kimakonde, naye ni kiumbe wa kubuniwa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950, Dar es Salaam, kinyago cha mchongaji Samaki Likankoa kilivunjika mkono. Hakukitupa, alikigeuza kiumbe wa ajabu, na mfanyabiashara Mohamed Peera akakipenda. Tangu hapo fundi huufuata mpingo wenyewe: penye uwazi huzaliwa jicho, penye pindo hutokea pembe au sikio la mnyama.

Ila shetani huyu halindi kitu. Alizaliwa sokoni, hana kizingiti cha kukalia. Walinzi wa Ukaguru, huko Kilosa, ni mizimu, nayo huendewa makaburini kwa pombe na unga, kinyago hakihitajiki. Kwa hiyo mteja wa kibanda changu cha vinyago anayeniuliza kama shetani wake atamlindia nyumba, ninamjibu kwamba atampendezesha sebule.

Ajabu ni kwamba huko Futami, mjini Ise, Japani, yalijengwa makumbusho ya vinyago vya Kimakonde, si mbali na hekalu lililojaa vyura wa sanamu. Kwa Kijapani kaeru ni chura, na pia ni kurudi. Wasafiri huwaomba vyura hao wawarudishe kwao salama.