Safari ya Poland Huanzia Nyumbani
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza jinsi chama cha vijana wa Kiyahudi cha BBYO kilivyozaliwa mjini Omaha, Marekani, mwaka 1924, kwanza kwa wavulana, na miaka 20 baadaye kwa wasichana pia. Nilisema nguvu yake ni kwamba vijana huchagua viongozi wao wenyewe, watu wazima wakibaki washauri. Leo tuwatazame viongozi hao wakijiandaa kwa safari nzito kuliko zote: Matembezi ya Walio Hai.

Matembezi hayo yalianza mwaka 1988. Kila mwaka, siku Wayahudi wanapowakumbuka ndugu zao milioni 6 waliouawa na Wanazi, maelfu ya watu hukusanyika kwenye iliyokuwa kambi ya Wanazi ya Auschwitz, kusini mwa Poland. Hupigwa shofari, baragumu la pembe ya kondoo dume, kisha umati hutembea kilomita 3 hadi Birkenau, kwenye magofu ya vyumba vya gesi. Jina la matembezi lilichaguliwa kwa makusudi, liwe kinyume cha matembezi ya kifo. Januari 1945, jeshi la Kisovieti lilipokaribia, Wanazi waliwaswaga wafungwa karibu 60,000 watoke kambini kwa miguu katikati ya theluji. Maelfu walikufa njiani, wengine kwa baridi na njaa, wengine kwa risasi.

Kijana wa miaka 16 au 17 hapelekwi mahali pa namna hiyo bila kuandaliwa. Vikundi hukutana mara kadhaa kabla ya kuondoka, kusoma historia na kuwasikiliza walionusurika. Viongozi hujifunza kuendesha mazungumzo ya jioni, kwa sababu baada ya kutwa nzima kambini yupo atakayelia na yupo atakayenyamaza, na anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa zaidi. Hujifunza pia Kadishi, sala ya kuwaombolezea marehemu. Wengine hutafuta nyumbani jina la ndugu wa babu au bibi aliyepotelea huko, waliandike kwenye kibao kidogo cha mbao watakachokiacha kando ya reli ya Birkenau.

Hata hivyo, naamini somo la kwanza lisiwe la kifo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Poland ilikuwa na Wayahudi wapatao milioni 3.3, na kama milioni 3 kati yao waliuawa. Lakini walikuwa wameishi nchini humo karibu miaka 1,000. Walishona nguo, wakaoka mikate, wakachapa magazeti kwa Kiyidishi, wakabishana siasa na dini hadi usiku wa manane. Kijana asiyejua hayo atakuwa amewajua wazee wake siku ya kufa tu. Ndiyo maana napendelea vikundi vinavyotenga muda wa kutosha kwa Jumba la Makumbusho la POLIN mjini Warsaw, linalosimulia miaka hiyo yote.

Na liko jambo linalowahusu viongozi hawa moja kwa moja. Gheto la Warsaw, mtaa walimofungiwa Wayahudi, lilipoinuka dhidi ya Wanazi tarehe 19 Aprili 1943, walioongoza mapigano walitoka katika vyama vya vijana. Kamanda wao, Mordechai Anielewicz, alikuwa kiongozi wa chama cha Hashomer Hatzair, na alikufa mwezi uliofuata akiwa na miaka 24 tu. Zivia Lubetkin, wa chama cha Dror, alinusurika, na mwaka 1961 alitoa ushahidi mjini Jerusalem katika kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi. Kabla ya vita kazi yao ilikuwa ileile ya viongozi wa leo: mikutano, masomo, kambi za likizo.

Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 kambi zilipokombolewa mwaka 1945 sasa amefikia miaka 90. Vijana wanaofunga mizigo leo huenda wakawa wa mwisho kutembea njia ile wakiwa wamemshika mkono mtu aliyekuwamo. Juma lijalo tutawafuata hadi Warsaw, Mtaa wa Miła namba 18, alikofia Anielewicz.