Mihogo ya Msikiti Iliyotuhadaa

Msimu uliopita, mihogo katika shamba dogo la msikiti wetu hapa Mazimbu ilisimama ikapendeza, nasi wanakamati tukajipongeza. Mavuno yale tuliyakusudia kwa futari ya wajane na mayatima. Siku ya kuchimba, muhogo wa kwanza kukatwa ulikuwa na mabaka ya kahawia ndani, makavu na magumu. Wa pili vivyo hivyo. Akina mama waliokuja na vikapu wakarudi navyo vitupu.

Ndugu wasomaji, huo ndio ugonjwa wa michirizi kahawia. Huenda shina likaonekana zima ilhali mzizi umeoza. Dalili hutangulia kwenye majani ya chini, yenye manjano kandokando ya mishipa, nasi hatukuyatazama. Chanzo chake ni kirusi. Kirusi hana seli wala hali chakula. Ni maelekezo ya kinasaba yaliyofungwa ndani ya protini, yanayoingia katika seli ya mmea na kuilazimisha itoe nakala zake. Kwa hiyo hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya muhogo ulioambukizwa. Nzi weupe humbeba kutoka mmea hadi mmea, lakini kwetu sisi aliingia kwa mikono yetu: tulipanda pingili tulizopewa na jirani kwa nia njema.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1936, H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza. Hapo Amani watafiti walichanganya muhogo na mti wa mpira ambao ni jamaa yake, wakitafuta uzao wenye kuhimili.

Kwa nini walihitaji mbegu? Kwa sababu pingili hurudia mama yake yule yule. Shamba lote likiwa la pingili moja, likianguka huanguka lote. Miche itokanayo na mbegu hutofautiana, na ugonjwa unapopita, wenye kuhimili ndio hubaki na kuacha uzao. Huo ndio uteuzi wa asili. Virusi navyo hubadilika: nchini Uganda, katika miaka ya 1990, virusi viwili vya batobato vilichanganya vinasaba vikatoa aina kali zaidi iliyoangamiza mashamba na kuleta njaa.

Mkulima naye ni mteuzi. Akila mihogo bora na kuhifadhi mashina ya ile iliyodhoofu, huchagua udhaifu kwa ajili ya msimu ujao.

Kamati ilijadiliana sana, kwani kukataa zawadi ya jirani ni jambo zito. Hatimaye tuling'oa yote na kuyateketeza mashina, na jirani akaja kutusaidia, kisha akang'oa na yake. Msimu huu tutapanda pingili zilizothibitishwa. Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, ina makao yake hapa hapa Morogoro. Watoto wa madrasa watakagua majani ya chini kila wiki, inshaallah, kabla ya yeyote kuomba au kugawa shina.