Je, Wajua? Waya wa Kengele na Mambo Mengine Yaliyofichwa Nyuma ya Soketi ya Simu

Nchini Uingereza, kwa miaka mingi intaneti imeingia majumbani kupitia waya uleule wa shaba wa simu ya mezani. Shida huanza pale soketi kuu inapokuwa kando ya mlango wa mbele na ruta inatakiwa chumba cha juu. Unavutwa waya wa ziada, na kasi inashuka. Je, wajua ni kwa nini?

Je, wajua kwamba soketi ya simu inayotumika Uingereza ilianza mwaka 1981? Kabla ya hapo, kwa kawaida simu ilifungwa moja kwa moja kwenye waya wa ukutani. Kuihamishia chumba kingine ilikuwa kazi ya fundi wa kampuni.

Je, wajua kwamba hata nyumba ikiwa na soketi tano, kuu ni moja tu? Zilizobaki ni matawi. Ndani ya soketi kuu ya muundo wa awali mna kikinga radi, kapasita ya maikrofaradi 1.8 na rezista ya kiloomu 470. Kapasita na rezista humwezesha fundi aliye mbali kupima kama laini inafika nyumbani, hata simu zote zikiwa zimechomolewa.

Je, wajua kwamba mpaka kati yako na mwenye laini unapita katikati ya soketi? Katika soketi kuu ya aina ya NTE5, nusu ya chini ya uso hufunguliwa kwa skrubu mbili. Kipande hicho ndicho cha mwenye nyumba, na ndipo nyaya za matawi zinapofungwa. Kilichobaki nyuma ni mali ya Openreach, kampuni yenye laini, nawe huruhusiwi kukigusa.

Je, wajua kwamba nyuma ya kipande hicho kuna soketi nyingine iliyojificha? Hiyo ni ya kupimia. Ukishakiondoa, matawi yote ya nyumba yanakatika kwa mpigo. Chomeka ruta hapo kupitia kichujio, kile kidude kinachotenga simu na intaneti, kisha utazame kasi. Ikipanda, ubovu umo ndani ya nyumba yako. Ikibaki palepale, piga simu kwa anayekuuzia huduma.

Je, wajua kwamba kati ya nyaya zote zinazoonekana ndani ya soketi, zinazobeba simu na intaneti ni mbili tu? Hufungwa kwenye kishikizo namba 2 na namba 5. Waya wa buluu wenye pete nyeupe huenda namba 2, na mweupe wenye pete za buluu huenda namba 5.

Je, wajua kwamba waya wa tatu, wa rangi ya chungwa wenye pete nyeupe, uliwekwa kwa ajili ya kengele? Simu za zamani zilikuwa na kengele ya chuma iliyogongwa kwa mkondo geu wa volti 75 hivi. Kapasita ya soketi kuu iliutenga mkondo huo na kuupitisha kwenye kishikizo namba 3, ili simu zote za nyumba zilie pamoja. Simu za leo nyingi huitenga ishara ya mlio zenyewe, hivyo waya huo hauna kazi tena. Kumbe ungali umefungwa, na ndio chanzo cha balaa.

Je, wajua kwamba Alexander Graham Bell alipewa hataza ya jozi ya nyaya zilizosokotwa mwaka 1881? Nyaya mbili zikisokotana, kelele za umeme kutoka nje huzipata zote mbili kwa kiasi kilekile. Kifaa cha kupokea husoma tofauti kati ya waya mmoja na mwenzake, na kelele iliyo sawa pande zote hujifuta.

Je, wajua kwamba waya wa kengele huivunja hesabu hiyo? Umeunganishwa na upande mmoja tu wa jozi, kupitia kapasita. Kwa masafa ya juu ya intaneti, kapasita ile ni kama njia iliyo wazi. Matokeo yake upande mmoja wa laini unabeba mkia wa mita kadhaa unaozunguka vyumba vyote, na mwenzake hauna. Kelele hazilingani tena, kwa hiyo hazijifuti. Mkia umekuwa antena.

Je, wajua kwamba ndiyo maana mita kumi za ndani zinaweza kuharibu kilichosafiri salama kilomita tatu? Kebo ya barabarani imesokotwa vizuri na imelingana pande zote. Waya wa nyumbani hupita karibu na taa, televisheni na chaja, tena ukiwa umepoteza ulinganifu.

Je, wajua kwamba dawa yake ni kuuchomoa waya wa namba 3 katika soketi kuu, kisha katika matawi yote? Hakuna cha kununua. Simu za kisasa zitaendelea kulia, na hata ya zamani kwa kawaida hulia ikipitia kichujio, maana vichujio vingi vina kapasita yake ndani. Kwa wasiotaka kushika nyaya, kampuni ya simu ya BT ilitoa kipande cha kupachika kwenye soketi kuu kilichoitwa iPlate, cha kuzizuia kelele za waya huohuo.

Je, wajua kwamba kichujio ni cha simu, si cha ruta? Wengi hudhani kinyume. Sauti ya simu hutumia takriban hezi 300 hadi 3400. ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, huanzia kilohezi 25 hivi na kupanda hadi kilohezi 1104; ADSL2+ hufika mara mbili ya hapo. Kichujio huizuia simu isisikie mlio wa intaneti, na huizuia isiivuruge intaneti. Simu moja tu isiyo na kichujio, au king'ora cha wezi kilichosahaulika, yatosha kuangusha laini nzima.

Je, wajua kwamba ADSL huugawa waya katika vijia 256, kila kimoja upana wa kilohezi 4.3125? Kijia chenye kelele hupewa data kidogo au huachwa kabisa. Ndiyo maana waya mbovu haukati intaneti mara moja, bali huipunguza kidogokidogo.

Je, wajua kwamba redio za masafa ya kati hukaa humohumo kwenye masafa ya ADSL? Usiku mawimbi yake huakisiwa na tabaka la juu la angahewa na kufika mbali zaidi. Laini iliyo nzima adhuhuri inaweza kuyumba jua likizama. Pima nyakati zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

Je, wajua kwamba tawi lisilo na kitu nalo hudhuru? Ishara hufika mwisho wake, hugonga na kurudi. Urefu wa tawi ukiwa robo ya wimbi, masafa yale hufifia. Kwa kilohezi 1000 robo hiyo ni karibu mita 50, kwa hiyo nyumba ndogo haina hofu kubwa. Kwa VDSL, aina nyingine ya intaneti ya waya wa simu, inayopanda hadi zaidi ya megahezi 17, hata tawi la mita tatu linatosha kuleta shida.

Je, wajua kwamba ile kebo bapa ya dukani, inayobandikwa kando ya zulia, kwa kawaida haijasokotwa? Ukilazimika kuvuta waya wa simu, tumia kebo ya CW1308 au jozi moja ya kebo ya mtandao, na uitenge na nyaya za umeme kwa angalau milimita 50.

Je, wajua kwamba bisibisi si chombo cha kazi hii? Waya haumenywi ganda. Husukumwa katikati ya meno mawili ya chuma yanayolikata ganda yenyewe, kwa kifaa maalumu cha kubonyezea. Bisibisi huyapanua meno, na mshiko hulegea miezi kadhaa baadaye.

Je, wajua kwamba laini iliyotulia ina volti 50 hivi, na simu ikiita huongezeka ule mkondo wa kengele? Anayepigiwa simu huku akishika nyaya atajua. Kiondoe kwanza kipande cha mbele.

Je, wajua kwamba mpango bora ni kutovuta waya wa simu hata kidogo? Weka kichujio kimoja kwenye soketi kuu, ruta ikae papo hapo, kisha vuta kebo ya mtandao hadi chumba cha juu. Kebo hiyo hubeba data hadi mita 100 bila kupunguza kasi, wakati waya wa simu hudai ushuru kila unapoongezwa.

Je, wajua kwamba TTCL ya Tanzania na Telkom ya Kenya nazo ziliuza ADSL juu ya nyaya za simu za mezani? Ufundi wa soketi hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini shaba na kelele zinafuata kanuni zilezile.

Je, wajua kwamba Uingereza imepanga kuuzima mtandao wa zamani wa simu ifikapo mwisho wa Januari 2027? Simu itachomekwa nyuma ya ruta, na soketi za ukutani zitanyamaza. Anayetaka kuzitumia tena anaweza kuzilisha kutoka kwenye ruta, mradi kwanza azitenganishe kabisa na laini ya nje. Ajue pia kwamba simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kwenye betri za kituo cha simu, lakini hii mpya itakufa pamoja na ruta umeme ukikatika.