Kichocho: ale kwanza, ndipo ameze dawa

Mtoto wa Musoma au Bunda akioga ziwani, vimelea vya kichocho hupenya ngozi yake bila kumuuma. Praziquantel huletwa na Wizara ya Afya. Halmashauri huifikisha shuleni, ambako mwalimu humpima mtoto urefu ili kujua idadi ya vidonge.

Mzazi, sehemu yako ni uji. Akimeza na njaa, kichefuchefu na kizunguzungu humzidi, na uvumi kijijini huanzia hapo.

Dawa huua minyoo iliyomo mwilini, haizuii mingine kuingia. Ndiyo maana bomba la Mugango–Kiabakari–Butiama nalo, kwangu mimi, ni tiba. Ukiona damu kwenye choo cha mtoto, mpeleke zahanati. Usingoje siku ya dawa shuleni.